Mmea Uliolala Jioni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Shikamoo yako imefika pamoja na habari za baridi ya huko. Mama yako amepona mafua, na mjomba wako bado anang'ang'ana na duka lake Kariakoo.

Umeuliza kwa nini nawakataza watoto kuchuma maua ya ule mmea unaotambaa dirishani kwangu ikishafika jioni.

Miaka ya hamsini nililetwa Mchafukoge, jirani na Kariakoo, nikiwa bibi harusi, nikitokea Machame. Babu yako alishinda bandarini, nami sikuwa na wa kuongea naye. Ukutani kwa jirani yetu wa Kihindi, Mama Kanta, ulitambaa mmea huohuo: maua yanachanua jioni meupe, asubuhi yamekuwa ya pinki, kisha yanaiva mekundu. Majani yake yalipondwa kutuliza kichwa. Magharibi moja kichwa kiliniuma kwa kulia, nikanyoosha mkono nichume. Mama Kanta akanishika mkono.

"Hapana! Hapana!"

Kiswahili chake kilikuwa cha neno mojamoja tu. Nikarudi chumbani nikiamini hata jani nimenyimwa.

Kulipokucha akabisha hodi na bakuli la majani aliyokwisha kuyaponda. Akalaza shavu kiganjani. "Jioni, lala," akasema. "Sasa, amka." Kwao mmea ukishalala hauguswi. Akanipaka mwenyewe kwenye paji la uso, akakaa nami mpaka chai ikaisha.

Alihama zamani, akaniachia tawi. Babu yako naye hayupo. Barua zako zikikawia, silalamiki. Nautazama mmea dirishani, najiambia: Neema amelala tu, kutakucha.

Bibi yako