Sala Niliyofungulia Mkutano

Jumamosi, jioni. Upepo umeshinda ukitumwagia vumbi tangu asubuhi, nami nimejifungia ndani nikisingizia kwamba naandaa mahubiri ya kesho. Sijaandika hata mstari.

Leo kulikuwa na mkutano wa mtaa kuhusu upimaji wa viwanja. Kama kawaida yetu, shehe alifungua kwa dua, kisha nikaitwa mimi, mchungaji wa kanisa dogo la hapa mtaani. Shehe aliomba kwa kifupi akakaa. Mimi nikishapewa kipaza sauti huwa sijui kukirudisha.

Niliombea taifa, viongozi, wataalamu wa ardhi. Nikanogewa. Nikamsihi Mungu aondoe katikati yetu roho ya ubishi na uasi, ampe kila mtu moyo wa kutii mamlaka. Watu wakaitikia amina kwa nguvu, nikajisikia vizuri sana.

Afisa ardhi akaeleza jinsi mashamba yatakavyokatwa viwanja na wenye mazao watakavyolipwa fidia, kisha akauliza kama kuna mwenye swali.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Ngoja niseme ukweli. Nilijua swali lipo. Alhamisi baada ya ibada, muumini wangu Mama Nyemo, mjane anayelea wajukuu kwa shamba la zabibu, alinieleza kwamba wapimaji walipita kwake akiwa ndiyo kwanza amemaliza kupogoa mizabibu. Waliona vijiti vikavu, wakaandika kwamba ni pori. Pori halina fidia ya mazao. Alisema atasimama mkutanoni aulize, na mimi nikamtia moyo.

Jana mwenyekiti wa mtaa, naye muumini wangu, akanipitia nyumbani. "Mchungaji, watu wamepandisha hasira. Tuwekee utulivu kwenye maombi." Wakati wa kuaga akaongeza kwamba kwenye ramani mpya limetengwa eneo la kanisa. Sisi tunasali kwenye banda la mabati. Sala ya leo ilikuwa ndiyo jibu langu, na nilijidanganya kuwa ni Roho anayeniongoza.

Mkutano ulipokwisha Mama Nyemo alinifuata. Nilimwamkia shikamoo huku nikijiandaa kulaumiwa.

"Marahaba, Mchungaji. Ile roho uliyoitaja ilikuwa ndani yangu mimi," alisema. "Nilikuja nimejipanga kabisa kubishana na serikali. Uliposali nikaona aibu. Niombee, mwanangu, itoke yote."

Akapiga magoti palepale kwenye vumbi. Watu walikuwa wanatutazama, mwenyekiti akiwemo. Nikamwekea mkono kichwani.

Nikamwombea, jamani.

Aliinuka amechangamka, akanishukuru, akaenda zake.

Kile alichokuwa nacho kilikuwa haki yake, nami nimekikemea kama pepo. Tunapenda kusema kwamba serikali na dini zinashirikiana kulinda amani. Basi leo tumeilinda sawasawa: mjane amenyamaza, na shamba lake linaitwa pori. Naona aibu.

Afisa alisema mwenye pingamizi aende ofisini Jumatatu, baada ya hapo milango imefungwa. Nilifikiri nimpitie Mama Nyemo kimyakimya nimnong'oneze. Lakini sikuomba kwa kunong'ona. Kesho kabla ya mahubiri nitasimama niseme mbele ya wote, mwenyekiti akiwa kwenye benchi lake la mbele, kwamba nilikosea, na kwamba Jumatatu nitaongozana na mama huyu hadi ofisini. Eneo la kanisa likifutwa kwenye ramani, lifutwe. Banda la mabati bado lipo.

Ninayemwogopa si mwenyekiti. Namwogopa Mama Nyemo. Naogopa atanisikiliza kwa heshima zote, kisha Jumatatu nikimgongea mlango aniambie kwa upole kwamba haendi, kwa sababu mchungaji wake alishamwombea na ile roho ya ubishi imetoka.