Usiniulize Jina la Mtoto

Mama yangu mpenzi,

Sasa hivi mtoto amenichekesha na kuniliza kwa pamoja. Amechukua simu, akaibandika sikioni, akasema, "Aloo, hawe?" Kisha akafoka kwa sauti yako kabisa: "Mwizi wewe! Ushindwe!" Akaitupa kitandani. Hayo ndiyo anayoyajua kuhusu hawe, nyanya yake.

Shikamoo mama. Miguu yaendeleaje? Yule mbuzi mweupe kashazaa? Huku Mtwapa tu wazima, ila tumbo limekuwa zito na moyo umeniuma. Barua hii nampa Mama Kahindi anayekuja huko kununua korosho, dada Sidi akusomee, maana simu zangu huzipokei tena.

Sidi kanieleza yaliyokupata. Kwamba ulipigiwa na sauti yangu, inalia, inalitaja jina la mtoto, eti amelazwa. Ukatoa namba ya siri, akiba yako yote ikaenda. Mama, hakuwa mimi. Mume wangu Safari anasema siku hizi kuna mashine inasikiliza sauti ya mtu kwenye vidio, kisha inaongea kama yeye, hata kikohozi. Nami nilikuwa nimeweka vidio nikimwimbia mtoto, najiona hodari! Najuta.

Lakini na wewe mama! Jumapili nilikupigia, nikaiweka simu kwenye spika, nikasema, "Mama, ni mimi, Kadzo."

"Kadzo gani? Hata yule alisema hivyo hivyo. Kama ni wewe, taja jina la mwanao."

Mama, mavyaa, mamake Safari, alikuwa ameketi papa hapa mkekani anachambua mchicha! Mtoto kapewa jina lake, na ni wewe mwenyewe uliyenifunza nilipoolewa kwamba jina la mamake mume lisinitoke mdomoni mpaka naingia kaburini. Mwaka wa pili huu mtoto namwita Mama Mdogo. Sasa ningelitajaje? Nikakwama. "Ni la... ni la... aa, mama, si unajua!"

"Umeshindwa, mwizi wewe!" Ukakata.

Mavyaa akacheka hadi mchicha ukamwagika. "Mamako mkali kuliko askari wa benki!" Mimi nikaenda kulia chooni.

Yule mwongo alilitaja jina bila haya kwa sababu Safari aliliandika chini ya picha ya mtoto. Hapo ndipo ungejua si mimi, mama! Tangu lini mimi nikalitaja? Tena alikuomba kitu kabla hata ya shikamoo. Ndivyo ulivyonilea?

Nitapiga tena Jumamosi. Niulize jina ukitaka, usikie nikikwama, ndipo ujue ni mwanao. Usinikatie. Kliniki wamesema zimebaki wiki chache, na mimi sitaki kujifungua bila wewe kunishika mgongo kama mara ile.

Nisalimie mjomba mwenye mizinga, na shangazi msuka makuti, mwambie bado nauvaa ule mkufu wake. Sidi mwambie asiposoma vizuri nitajua.

Na huyu wa tumboni akiwa wa kike, zamu ni yako. Jina lako nitaliita kutwa nzima, majirani wachoke, nika... Ngoja mama, mavyaa ananiita, asema mtoto amebonyeza simu ikakupigia, umepokea, mtoto anakuita hawe, na bado hujakata, unamuuliza mamako yuko wapi. Nakuja mama, usikate!