Aliyenifungia Lango la Mazishi

Jumatano. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na roho yangu pia haijapoa. Mimi sikusoma, kwa hivyo nasema na mjukuu wangu Wanjiku anaandika kwa simu. Nimemkataza kupunguza ukali.

Wiki iliyopita tulimzika rafiki yangu Nyambura.

Walimzika. Mimi sikuwemo.

Tumechuma kahawa pamoja tangu tukiwa wasichana. Watoto wangu amewabeba, wake nimewabeba. Presha ikamchukua, si hii korona. Nikakata rinda alilowahi kunipa, nikakanyaga cherehani, nikajishonea barakoa ya kumzikia, tabaka mbili, nikaipiga pasi. Langoni kwa Nyambura nikamkuta Mama Grace wa kanisa letu na beseni ya maji ya sabuni, amepewa kazi ya kuchagua wa kuingia. Akaniangalia mdomo.

"Shosho, hiyo ni kitambaa ya sahani. Hapa tunaingiza maski ya duka."

Watu wakacheka. Nikabaki nje ya ua, nasikia udongo ukianguka juu ya jeneza. Kila mtu alimtupia konzi yake ya udongo ya kumuaga. Mimi sikumtupia.

Siku iliyofuata mtoto wa Nyambura alikuja kuniomba niende kaburini wakati wowote. Nikakataa. Siingii hapo mpaka anifungulie aliyenifungia.

Leo Mama Grace amejileta. Polisi wamemfukuza sokoni Karatina na kabichi zake kwa sababu hana barakoa, na ati za duka zimeisha. Wanawake sita walikuwa wananingoja niwashonee. Nikamweka wa saba. Zamu yake ilipofika nikampima uso kwa uzi, polepole.

"Kumbe mdomo yako ni mpana hivi," nikamwambia. "Hii itakula kitambaa."

Wakacheka. Sikuwakataza.

"Shosho, nisamehe tu. Kabichi zinaoza."

"Wacha zioze. Kwanza twende kwa Nyambura. Na ubebe ile beseni ya maji."

Aliibeba kichwani njia nzima, watu wakiangalia. Langoni akanimwagia maji mikononi, akanifungulia. Nikamwambia abaki nje, pale pale niliposimama mimi.

Sikuharakisha. Nilitupa konzi yangu, kisha nikakaa chini nikampa Nyambura habari zote: maharagwe yamekataa, goti limevimba, na nani yuko langoni analowa.

Nililia pia. Wanjiku, hilo usiliruke.

Nilipotoka, Mama Grace alikuwa anatetemeka kwa manyunyu. Nikavua sweta yangu nikamvalisha, maana sitaki kuzika mwingine. Akaniuliza kama sasa yameisha.

Bado.

Barakoa yake iko hapa mezani, imekwisha kushonwa, nzuri kushinda za duka. Kesho aje na jembe na miche ya maua, aipande kaburini yote, ndipo apewe barakoa. Mimi nitakuwa nimekaa, namwonyesha pa kuchimba.