Sababu ya Kukupigia Mara Mbili

Perry Barr, Birmingham
Jumapili jioni

Mama yangu,

Jicho linaendeleaje? Bado linatoa machozi ukikaa juani? Sisi tu wazima, ila nimechoka, na si kazi ya kutunza wazee iliyonichosha. Rhoda mdogo wangu, msomee Mama yote, usiruke mstari.

Mama, uliuliza kwa nini juzi tulikupigia simu ya maombi mara mbili, nikasema mtandao ulikatika. Nilikudanganya. Ya kwanza ilikuwa ya mume wangu Daudi, hapa kwetu. Ya pili ilikuwa ya rafiki yake Baba Imani, kwake mtaa wa Handsworth. Ushirika wetu wa maombi umegawanyika, na uliougawanya ni ugomvi wa Wamarekani!

Wote wawili hawajakanyaga Marekani. Lakini kutwa ni video kwenye simu: mwanasiasa fulani kamtukana mwenzake, na kila upande unasema chuki imeletwa na ule mwingine. Pilipili usiyoila yakuwashiani? Wiki tatu zilizopita Daudi alipewa zamu ya kuombea mataifa, akasema, "Bwana, wanyamazishe walioleta matusi Marekani," na chama akakitaja. Baba Imani akafumbua macho.

"Hiyo sisemi amina. Watu wako ndio walianza."

"Wangu? Ni nyinyi, bwana! Niko na clips, nikuonyeshe?"

Watu wamepiga magoti, Mama! Binti yangu akasema, "Dad, we live in Birmingham." Hakuna aliyemsikiliza. Tangu hapo nusu ya watu huja kwetu, nusu huenda Handsworth. Kila mmoja anajua nani alianza matusi Marekani, lakini nani alianza sebuleni kwangu hakuna anayekumbuka. Mandazi yangu yote yalibaki mezani.

Nina hasira. Baba Imani ndiye aliyetupokea kituo cha mabasi cha Digbeth siku tulipofika, tukitetemeka kwa baridi, akavua koti lake akamvisha Daudi. Daudi analivaa mpaka leo, hata akiwa anamsema vibaya.

Na wewe Alhamisi unapasuliwa jicho la pili. Ulitaka wakuombee pamoja kama kwa jicho la kwanza, Daudi akiomba na Baba Imani akianzisha wimbo. Nimewabembeleza. Daudi anasema, "Aje kwanza aombe msamaha." Na yule vivyo hivyo.

Basi fanya hivi. Asubuhi hiyo kila mmoja atakupigia kivyake. Ukisikia sauti moja, uliza, "Mwenzako yuko wapi?" halafu ukate. Wakirudia, kata tena. Mimi wamenizoea, lakini wewe hawatathubutu kukukaidi.

Barua hii anakuletea muuguzi mwenzetu anayesafiri kesho. Nisalimie mjomba mwenye duka, na shangazi anayekupeleka hospitali. Mwambie asisahau sweta yako.

Na wakishupaa mpaka uitwe ndani, ingia tu, Mama. Nimeshakuombea, na amina nimeisema mwenyewe.

Binti yako,
Eunice