Mdakaji wa Soko la Mifugo

Garissa, Jumanne, 1996

Mpaka sasa namsimulia kila ninayekutana naye, na wala si mimi niliyedaka.

Walimu wenzangu wawili, Wamarekani, walibishana sokoni mpaka wakanikera: nani mdakaji bora wa besiboli miaka hii ya tisini? Nikauliza mdakaji ni nani hasa. "Anachuchumaa nyuma ya mpigaji, mpira usimpite."

Papo hapo mbuzi mwenye mimba akateleza kutoka juu ya lori la Liboi. Abdi, anayeshusha mifugo, akapiga goti akampokea kifuani kama mtoto mchanga. Subhanallah! Mbuzi hata hakulia.

Wamarekani wakavua kofia. Nikamweleza Abdi ubishi wao.

Akampangusa mbuzi vumbi. "Mwalimu, hebu waulize. Hiyo mipira yao nayo inabeba mimba?"