Landrova ya Mung'aro na Pazia la Kijani

Rosebella, acha unalofanya usome hili. Mung'aro kanimaliza.

Unajua baba aliapa hapandi ile Landrova kuukuu ya mume wangu mpaka itiwe vyuma vya juu, vya kumkinga ikipinduka. Haya. Leo mkwewe kenda kuvichukua kwa fundi, mtaa wa Kibokoni.

Mabomba marefu, yamepindwa kama upinde, yamelazwa nyuma ya gari. Mung'aro akaogopa rangi isichubuke, akayafunika kwa pazia letu la sebuleni. La KIJANI, Rosebella. Ukiyaona, utaapa ni jeneza lililofunikwa, linapelekwa makaburini!

Halafu akapita barabara ya Ndia Kuu, katikati ya mji. Polepole, taa zikiwaka na kuzima.

Wenye maduka wakasimama. Kinyozi akamwacha mtu na ndevu upande mmoja. Wanaume wakafuata nyuma kimya, kofia kichwani, wakipokezana kuligusa pazia. Mung'aro akawaona kwenye kioo, akafurahi. Kumbe watu wa Mji wa Kale wanajua gari zuri!

Akawapungia mkono.

Anaongoza mazishi, na anapunga mkono! Na meno yote nje!

Alipofika mlangoni kwetu, mzee mmoja kwenye ule msafara akagonga dirisha. Baba. Machozi yanamlengalenga.

"Mwanangu, umembebea nani hili?"

"Nimekuletea wewe, baba."



Mung'aro akalivuta pazia, akawaonyesha. Baba akayatazama mabomba, akamtazama mkwewe, akayatazama tena mabomba.

"Rudisha kwa fundi," akasema. "Mimi heri nipinduke."