Kaka, Viini Vitatu Bado Vinakusubiri

Kaka Daudi,

Shikamoo. Nimeitanguliza hiyo kwa sababu mama ataisoma barua hii, na sitaki useme kwamba pamoja na yote, mdogo wako hana adabu. Shikamoo umeipata. Heshima nyingine ziliisha mwaka jana.

Barua nimeiacha wazi, kila mtu aisome. Wewe uliposema mimi ndiye niliyeharibu ile kazi hukusema faraghani. Ulisema kwa mama, kwa mjomba, kwa wapangaji wenzangu pale Chang'ombe ya Dodoma, ukapanda basi la Arusha ukiwa umebeba begi na huruma za watu. Tangu hapo hujapiga simu hata ya kunijulia hali. Unatuma salamu kupitia kwa mama, pamoja na ujumbe kwamba Neema akuombe radhi kabla ya Krismasi ili tule pamoja kwa amani.

Nianze mwanzo, maana wewe mwanzo huwa unausahau.

Unakumbuka chumba changu Chang'ombe, meza moja, feni moja, na ile kompyuta tuliyoinunua ikiwa imetumika. Prosesa yake ilikuwa na viini vinne, yaani wafanyakazi wanne ndani ya mashine moja, kila mmoja anaweza kufanya kazi yake bila kumngoja mwenzake. Mwenye hosteli za wanafunzi alitaka kisanduku cha kugawa intaneti, na mimi nikapata zile zana za kushughulikia pakiti, vile vipande vidogo vya data vinavyopita kwenye mtandao. Nikasema tuanze na programu ndogo kuliko zote: kila kiini kiamke, kitaje namba yake, basi. Kikiweza kusema, tutakipa pakiti.

Ulisoma nusu ya ukurasa wa maelekezo ukasema umeelewa. Ukaijenga programu, ikajengeka, ukapiga makofi. Ukaiendesha, ikagoma. Ilikuwa inasema haijapata kumbukumbu, kwa sababu zana zile zinataka utenge kwanza sehemu kubwa za kumbukumbu kwa ajili yake tu, kama unavyotenga viti vya wageni kabla harusi haijaanza. Imeandikwa kwenye ile nusu ya pili ambayo hukuisoma. Wewe ukachomoa waya, ukaikumbatia kompyuta, ukataka kuipeleka kwa fundi sokoni abadilishe kifaa. Nilikukuta mlangoni. Mhandisi mzima, kadi za jina mfukoni, anapeleka kompyuta nzima kwa fundi kwa kosa la mstari mmoja.

Niliuandika huo mstari mmoja wa kutenga kumbukumbu. Nikaiendesha tena, ikajibu:

Mimi ni kiini namba 2.
Mimi ni kiini namba 3.
Mimi ni kiini namba 1.
Mimi ni kiini namba 0.

Kaka, nilifurahi mpaka nikasimama. Ule mchanganyiko ndio ulikuwa ushahidi kwamba vyote vinne vimeamka na kila kimoja kimesema kilipokuwa tayari. Ukiiendesha tena mpangilio unabadilika, na ndivyo inavyotakiwa. Wewe ulikunja uso. Ukasema, "Hii ni fujo. Namba sifuri ndiye mkubwa, anatajwaje wa mwisho?"

Nikadhani unatania.

"Kwetu utambulisho unaanza na mkubwa," ukasema. "Mgeni akija tutamwonyesha nini, watoto wanaongea kabla ya baba?"

Nilikueleza. Nilikueleza nikiwa nimekaa, nikakueleza nikiwa nimesimama, nikachora kwenye karatasi. Ukanipigapiga begani ukasema, "Sawa, mdogo wangu," kwa ile sauti yako ya kumaliza mazungumzo. Nilipokwenda dukani kununua unga, uliingia kwenye kazi yangu ukabadilisha. Ukaweka kiini sifuri kianze, kikimaliza kianze namba moja, kikimaliza hicho kianze namba mbili, kisha namba tatu. Niliporudi namba zilikuwa zimejipanga sifuri, moja, mbili, tatu, na wewe umekaa mkono kiunoni kama unapigwa picha ya kampeni.

Kwenye programu ya kusema jina tu, kosa hilo halionekani. Kila mmoja anasema neno moja anamaliza, na zamu inafika. Lakini ya hosteli haikuwa hivyo, na nilikuambia. Pale kiini kikianza kupokea pakiti hakimalizi, kinazunguka kutwa, maana pakiti haziishi. Kwa hiyo mkubwa wako alianza na hakumaliza. Wadogo watatu hawakuanza kabisa. Siku ya maonyesho, wanafunzi walipofungua simu zao wote kwa pamoja, kiini kimoja kilizidiwa, pakiti zikamwagika, na mwenye hosteli akatutazama kwa zamu, wewe, mimi, wewe.

Ndipo ukasema, "Mdogo wangu alibadilisha kitu."

Nilinyamaza. Hilo ndilo ninalojidharau kwalo mpaka leo, kwa hiyo usidhani dharau yote ni yako. Nilifundishwa kwamba kaka akiongea mbele ya mgeni, mdogo anasubiri amalize. Nilisubiri. Uliongea mpaka kwenye gari, mpaka stendi, mpaka Bahi kwa mama.

Nikumbuke na jema, nisije nikafanana na wewe. Ulipokuwa chuo hapa Dodoma ulirudi likizo na ile kompyuta yako yenye kitufe kilichong'oka, ukaniachia mwezi mzima, ukanikalisha jikoni ukaniambia nisiiogope. Mama alikuwa anasonga ugali wa uwele, wewe umeinama begani kwangu unanionyesha jinsi ya kuandika jina langu likatokea mara mia. Nilikupenda sana siku ile. Ningekuwa sikukupenda, haya mengine yasingenikera hivi.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumamosi.

Mama alinipigia simu niombe radhi kwa maandishi, akutumie. Nikapanda basi na kompyuta yangu mpaka Bahi. Nilimkuta na wenzake wamerudi shambani, matope ya mpunga bado miguuni. Nikamwambia, "Mama, kabla sijaandika, tazama." Nikaiwasha kazi kama ulivyoiacha. Kwenye kioo kuna mistari minne, kila kiini na mstari wake, unaojaa kadiri kinavyofanya kazi. Mmoja ukajaa mpaka mwisho. Mitatu ikabaki mitupu.

"Hawa watatu wana nini?" mama akauliza.

"Wanamsubiri wa kwanza amalize."

"Atamaliza saa ngapi?"

"Hamalizi, mama."

Akatazama kidogo. "Basi ni Daudi huyo," akasema, na wenzake wakacheka, mmoja wao akajifunika mdomo kwa khanga. Kisha akauliza ni nani aliyewapanga namna hiyo.  Nilimfungulia tu pale ulipoandika. Mama anasoma polepole lakini anasoma, na wewe, kwa kupenda jina lako, uliacha maneno juu ya mstari wenyewe: *Pamerekebishwa na Mhandisi Daudi. Mkubwa aanze, wengine wasubiri.*

Alisoma mara mbili, kidole kikifuata. Hakucheka tena. Aliniambia wao wakiingia kwenye jaruba kupandikiza, kila mmoja anashika mstari wake na wote wanainama kwa pamoja, na wangekuwa wanamngoja mkubwa afike mwisho, mvua ingekatika miche ikiwa bado mkononi. Akaniuliza kwa nini sikusema mwaka ule ule. Nikamwambia kaka alikuwa anaongea.

Mama alikwenda kunawa miguu, akachukua muda. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na hakutaka nimtazame. Alisema nisikuandikie radhi yoyote.

Niliifuta mistari yako ya kusubirishana mbele yake. Viini vinne vikajaa vyote, na mama akasema, "Heee," basi. Kazi hiyo sasa ipo kwenye hosteli nyingine, inafanya kazi, na jina lililoandikwa juu yake ni langu. Sikukuibia. Nimetoa mistari yako, na ikitoka hiyo hakuna chako kilichobaki.

Kwa hiyo njoo Krismasi, kaka. Mama atachinja kuku, mlenda utakuwepo, mjomba ameshaitwa, na wale uliowapa habari zako wote wameitwa. Ila mama amenipa maagizo, na nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwambie Daudi aje. Akifika akae. Neema ataanza, na yeye atasubiri mpaka amalize."

Mdogo wako,
Neema